Nyonga Niliyozaliwa Nayo

Muuguzi alimlaza binti yangu chali juu ya kitambaa, akamkunja magoti, akayashika kwa vidole gumba, kisha akayafungua taratibu kuelekea nje. Mtoto alikuwa bado na kitovu kibichi. Muuguzi hakuitazama ile miguu. Alitazama ukutani, akisikiliza kwa vidole. Nilijua anachokisikiliza. Kuna mruko mdogo ambao mfupa huufanya unaporudi mahali pake, na mikono iliyozoea huupata kabla sikio halijasikia chochote.

"Kuna mtu yeyote katika familia aliyewahi kuwa na shida ya nyonga?" aliuliza.

Kabla sijafungua mdomo, mama yangu alijibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mfuko wa nepi mapajani, kitambaa chake cha kanisani kichwani.

"Apana. Hakuna. Huyu mama yake aliangukaka tu akiwa mudogo."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kuuliza bei ya nyanya. Nilimgeukia muuguzi nikamwambia kwamba sikuanguka, nilizaliwa na nyonga iliyotoka mahali pake, na nilipasuliwa nikiwa na miaka saba. Muuguzi alitutazama sote wawili, akaandika. Baadaye mtoto alipigwa picha na nyonga zake zilikuwa nzuri, tumshukuru Mungu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani mama alikuwa akitazama nje ya dirisha, na mimi nilikuwa na miaka saba tena, nimelala nisiweze kusogea, harufu ya plasta mbichi puani.

Wakati huo tulikaa Cyangugu, upande wa Rwanda, chini kabisa karibu na ziwa, katika nyumba ambayo ngazi zake za mawe zilishuka hadi majini. Papa, yaani baba yangu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Muganza na alirudi mwisho wa juma, nyusi zake zikiwa za kijivu hata baada ya kuoga. Mama alikuwa mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kila asubuhi alivuka mpaka na beseni lake la bluu kichwani, limejaa nyanya, na jioni alirudi na vitenge ndani ya beseni lilelile. Mimi nilibaki na jirani, nikicheza kwenye ngazi ambazo watoto wengine walikatazwa kuzikaribia na mimi nilikatazwa mara mbili zaidi.

Nilitembea vibaya. Kila nilipokanyaga kwa mguu wa kushoto, mwili wangu wote uliinama upande huo, halafu ukarudi, halafu ukainama tena. Shuleni waliniita Bata. Mchana mguu haukuuma. Jioni ndipo maumivu yalikuja, si kwenye nyonga bali kwenye goti, na mama alinisugua goti kwa mafuta ya moto, akisugua mahali pasipokuwa na shida yoyote.

Watu walipouliza, na watu huuliza, kwa mama jibu lilikuwa moja. Lilikuwa na mwanzo na mwisho kama hadithi ya kusimuliwa watoto. Nilipokuwa mchanga nililelewa na mdogo wake, Tantine Faida, msichana wa miaka kumi na mitano aliyeletwa kutoka Bukavu kusaidia. Siku moja Faida alishuka ngazi kwenda ziwani kufua, mimi mgongoni. Aliteleza. Kitenge kilifunguka. Nilianguka juu ya jiwe. "Tangu siku ile," mama alimalizia, na hapo alinishika bega, "mutoto njo huyu munamuona."

Alisema hivyo kwa mama wa kanisa, kwa mwalimu wangu, kwa mwanamke aliyekuja kununua kitenge. Na mimi nilisimama pale nikisikiliza, mpaka nikaanza kukumbuka. Nawaambieni kweli, nilikumbuka. Niliona mbingu ikigeuka. Nilisikia harufu ya sabuni ya kipande na nguo zilizolowa. Niliona beseni likidunda ngazi baada ya ngazi kabla ya kuelea ziwani. Nilijua ni ngazi gani, na nilipoipita nilikanyaga pembeni.

Tantine Faida mwenyewe nilimjua kidogo sana. Alirudishwa kwao mara tu nilipoanza kutembea na ubaya ukaonekana, na ingawa kati yetu kulikuwa na daraja tu, hakuvuka tena kuja kwetu. Mara moja tulikutana Bukavu, kwenye matanga ya mjomba mmoja. Alikuja na sahani ya wali, akainama ili anipe. Mkono wa mama ulinizunguka kiunoni, ukanivuta. Faida aliiweka sahani chini, karibu na miguu yangu, akaenda zake. Nilimwogopa kama mtu aogopavyo mbwa aliyewahi kumuuma.

Kisha jirani mmoja akasikia kwamba kuna daktari wa mifupa anayekuja katika hospitali ambayo ilikuwa mbali kidogo na kwetu. Papa alisema niende. Alikuwa kazini siku hiyo, kwa hiyo tulikwenda mimi na mama. Walisema wanatupeleka kwenye radio, nikafurahi, nikidhani nitasikiliza muziki. Kumbe radio yao ilikuwa chumba cha giza cha kupigia picha za mifupa, chenye meza ya baridi. Daktari, mwanamume mwembamba mwenye mikono mikubwa, aliichomeka picha kwenye taa, akaanza kumweleza mama kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa na Kifaransa cha darasa la kwanza. Neno moja tu nililolifahamu lilikuwa *bassin*, na alilirudia mara nyingi. *Bassin* imeinama. *Bassin* haijakaa sawa. Tazama *bassin* hapa.

Kwetu hilo ni beseni. Nilishangaa daktari amelijuaje beseni la mama, na kwa nini anamlaumu kwamba limeinama, wakati kila mtu mpakani alijua kwamba mama hashiki beseni lake kwa mkono hata akishuka mteremko. Nilimtazama mama. Alikuwa amekunja kitambaa cha mkononi, akakikunjua, akakikunja tena. Nikaamini kwamba ni kweli, beseni lina kosa, nisijue bado kwamba kwa Kifaransa *bassin* ni mifupa ya nyonga pia.

Daktari aliona uso wangu. Labda alidhani nimeogopa. Alichuchumaa mbele yangu akahamia Kiswahili, Kiswahili cha kwetu cha mpakani, kinachosema njo badala ya ndiyo na juu badala ya kwa sababu.

"Wewe njo mwenye nyonga, wewe njo unapashwa kusikia," alisema. Alikunja ngumi moja, akaiweka ndani ya kiganja cha mkono wa pili, akaizungusha. "Hii ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja. Hii ni kikombe cha nyonga. Mutoto akizaliwa, kikombe kingali laini. Ngumi inazunguka ndani yake, inazunguka, na njo vile kikombe kinachimbika, kinakuwa kirefu. Kwako ngumi ilikaa inje." Aliitoa ngumi, akaiegemeza juu ya kifundo cha mkono. "Kikombe kilikosa wa kukichimba. Kilibakia kama sahani."

Halafu akanisimamisha kwa mguu wa kushoto peke yake, akaweka vidole vyake juu ya mifupa miwili ya kiuno changu, na mimi mwenyewe nikaona kidole cha upande wa kulia kikishuka. Alisema kuna misuli ubavuni mwa nyonga ambayo kazi yake ni kuzuia upande wa pili usianguke tunapoinua mguu kutembea. Misuli hiyo huvuta, lakini inahitaji mahali imara pa kuvutia. Pangu palikuwa pamehama. Ndiyo maana nilitupa mwili mzima upande mmoja, kufanya kazi ambayo misuli ilishindwa.

"Ni juu niliangukaka," nilimwambia. Nilitaka kumsaidia.

"Uliangukaka wapi?"

"Kwa ngazi. Tantine aliniangushaka."

Alitikisa kichwa. "Kuanguka hakufanyake hii. Kuanguka kunavunja. Yako haikuvunjikaka hata kidogo. Ulizaliwaka vile." Alisimama akamgeukia mama. "Wakati wa kuzaa hawakukuambia?"

Mama alikikunja kile kitambaa tena, akakikunjua. Nilidhani hajasikia.

"Walisema," alisema mwishowe. "Muuguzi alisikia kitu kwa mguu. Alisema nimurudishe, bamufunge miguu ikae wazi. Sikumurudisha."

Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba wakati ule ingekuwa kazi ya kamba na vitambaa, na sasa ni kazi ya kisu: kukata mfupa wa paja uwe mfupi kidogo, kurudisha kichwa ndani, kukata mfupa wa nyonga juu yake na kuuinamisha uwe paa. Kisha plasta, kutoka kifuani hadi vidole vya mguu.

Nje ya hospitali mama alininunulia soda na andazi, kitu ambacho hatukuwa tukifanya katikati ya juma. Alinitazama nikila. "Riziki," alisema, "maneno ya daktari ni yetu sisi wawili. Papa tutamuambia tu kama batakupasua. Unasikia?" Nilisema nasikia. Soda ilikuwa tamu na niliinywa yote.

Siku iliyofuata nilishuka hadi kwenye ile ngazi, nikaketi juu yake kwa mara ya kwanza. Nilingoja kumbukumbu yangu iondoke, sasa kwa kuwa ilikuwa ya uongo. Haikuondoka. Mbingu iligeuka vilevile, sabuni ilinukia vilevile, beseni lilidunda. Hata leo nikifumba macho liko pale. Nimesahau mambo mengi ya kweli ya utoto wangu, lakini hilo moja ambalo halikutokea ninalo lote.

Nilipasuliwa mwanzoni mwa mvua. Nilipozinduka nilikuwa mgumu na mzito, miguu imepanuliwa, kijiti cha mbao kati ya magoti kikiiunganisha. Vumbi jeupe lilikuwa kwenye shuka na lilinuka kama papa anaporudi kutoka kazini, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba ni yeye aliyeileta hiyo saruji na kuwapa madaktari wanijengee ndani. Nilimuuliza alipokuja. Alicheka mpaka akatoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Kila mgonjwa alipaswa kuwa na mtu wa kukaa naye, wa kumpikia na kumgeuza. Mama alikaa juma la kwanza. Halafu akasema nyanya zinaoza na wateja watazoea mwingine.

"Faida atakuya kukulinda," alisema akinifunga nywele.

"Tantine Faida?"

"Njo kazi yake. Yeye njo alileta hii yote."

Alisema hivyo kwangu. Mimi niliyekuwa pale mbele ya ile picha, niliyesikia kila kitu kwa masikio yangu. Vidole vyake viliendelea kusuka, wala havikusita. Nilikuwa mtoto na sikuwa na neno la kile nilichokihisi. Nilijua tu kwamba hakuwa akimdanganya mtu mwingine tena, alikuwa akinidanganya mimi, na alikuwa na hakika kwamba nitakubali.

Faida alifika na mfuko mdogo na jiko la makaa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ndogo. Hakuniuliza kama namwogopa, alianza kazi. Alijua kunigeuza bila kuniumiza, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya kile kijiti, ingawa mabibi wa vitanda vingine walimwambia kijiti si cha kushikia, na kesho yake akakiacha. Ngozi ilipowasha ndani ya plasta alichomoa unyasi wa fagio akaupitisha polepole hadi mahali penyewe. Alifua vitambaa vyangu kabla sijaona aibu. Na kila mgonjwa mpya alipoingia, kila mama aliyeuliza "wewe ni dada yake?", Faida alijibu kabla hajaulizwa zaidi.

"Ni mimi nilimuangushaka."

Alilisema kama watu wanavyotaja jina lao. Wale mama walitikisa vichwa, wengine walisema pole, mmoja alimsogeza mtoto wake upande wa pili wa kitanda.

Nilivumilia kwa siku nyingi. Maneno ya daktari yalikuwa yetu sisi wawili, mimi na mama, na niliahidi. Lakini asubuhi moja Faida alikuwa akiniosha uso, maji ya vuguvugu yakinichuruzika shingoni, na yakanitoka.

"Tantine, hukuniangushaka."

"Fumba macho, sabuni itaingia."

"Daktari alisema. Nilizaliwaka vile. Muuguzi alimuambia maman nikiwa mutoto muchanga kabisa, na maman hakunirudisha."

Kitambaa kilisimama shavuni mwangu. "Nani alikuambia hii maneno?"

"Daktari. Maman alikuwa pale. Yeye mwenyewe alisema."

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Sabuni ilikuwa ikinikauka usoni. Nilitarajia atafurahi. Nilikuwa nimewaza kwamba Faida alijua siku zote kuwa hana kosa, kwamba mama alimwomba anyamaze na yeye akakubali, kama mimi. Kumbe hapana. Alikuwa akiamini.

"Niliteleza," alisema. "Ile siku niliteleza kweli. Goti yangu ilitoka damu. Lakini wewe ulikuwa mugongoni, hata kitenge hakikufunguka. Hata hukulia." Alijishika goti. "Hakuna muntu aliona. Ni mimi mwenyewe nilimuambia mama yako magaribi, juu nilikuwa na woga. Alisema si kitu. Halafu miezi mingi inapita, ukaanza kutembea, njo akasema ni ile siku."

"Na kitenge?"

"Alisema kilifungukaka. Nikasema apana. Akasema, wewe ulikuwa na woga, utakumbuka aje? Nikawaza ni kweli. Nimewaza ile kitu kila siku, Riziki. Nimeona ukianguka."

Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliokumbuka.

Alisimama akatoka. Nilibaki na sabuni usoni, nisiweze kujigeuza, nikifikiri ameondoka na sitamlaumu. Alirudi maji yakiwa baridi, akaenda kuyabadilisha, akamaliza kuniosha hadi nyuma ya masikio. Daktari alipopita, Faida alimfuata hadi mlangoni. Niliwaona kwa mbali: ile ngumi, kile kiganja, ngumi ikitoka nje. Faida alikunja ngumi yake mwenyewe na kuirudia.

Mama alikuja Jumapili, na ndizi na chungu cha maharage. Walizungumza Kimashi, lugha ya kwao Bukavu, ili wodi isisikie, lakini mimi nilikisikia cha kutosha.

"Ulijua," Faida alisema.

Mama alinitazama kwanza. Sitausahau mtazamo huo. Alinitazama kama mtu mzima mwenzake aliyemuuza. Kisha akaketi.

"Mama mkwe wangu alisema siku ya harusi, mwanamke wa ng'ambo atatuletea nini? Na mimi wa kwanza kabisa nizae mtoto mbovu? Wangenirudisha. Wewe ulikuwa mtoto. Hukuwa na mume, hukuwa na nyumba. Kwako yangepita."

"Yamepita?"

Mama alianza kulia. Faida hakulia. Alichukua chungu cha maharage akakifunika vizuri.

"Utamwambia mume wangu?"

"Utamwambia wewe," Faida alisema. "Mimi nitamgeuza mtoto mpaka plasta itoke. Halafu nitaenda."

Majuma yote yaliyobaki mama alikuja na kuondoka, papa alikuja na kuondoka, na hakuna lililosemwa. Kila papa alipoingia nilimtazama mama. Kila mara alikuwa na jambo la kuuliza kuhusu chakula.

Plasta ilikatwa kwa msumeno uliopiga kelele bila kunikata. Mguu uliotoka ndani haukuwa wangu: mwembamba, umejaa magamba, na kovu refu ubavuni. Kusimama nilianza kujifunza na Faida. Alikaa nyuma yangu, viganja vyake vikibana pande mbili za nyonga, akinisukuma kurudi kila nilipoanza kuinama. "Acha misuli ifanye," alisema. "Sasa iko na mahali pa kushika. Acha ifanye." Nilimchukia kwa maumivu hayo na nilimlilia alipokwenda kuteka maji.

Siku ya kutoka walikuja wote. Papa alivaa shati la kanisani. Bibi, mama yake papa, alitoka Gitambi na kuku amefungwa miguu. Nilitembea mbele yao kwa magongo mawili, kutoka kitandani hadi dirishani, na sikuinama. Bibi alipiga makofi. Alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, kisha akamgeukia Faida aliyekuwa akikunja shuka.

"Na wewe," alisema, "Mungu amekutengenezea kosa lako. Shukuru."

Faida aliendelea kukunja. Nilimtazama mama. Kila mtu alikuwa amesimama pale pale, papa, bibi, daktari hayuko mbali, na lilibaki neno moja tu la kusemwa. Mama alipiga magoti mbele yangu, akaanza kunivuta soksi ambayo haikuwa imeshuka.

"Sikuangukaka," nilisema.

"Nini?" papa aliuliza.

"Ni dawa," mama alisema haraka. "Ingali na dawa kichwani."

Sikuwa nimepewa dawa yoyote kwa majuma. Mikono yake ilikuwa bado kwenye soksi yangu. Mambo mengine mama aliyonifanyia nimeyaelewa nilipokuwa mkubwa, hata ule uongo wa kwanza nimejaribu kuuelewa. Hilo la soksi sijaliweza.

"Shemeji," Faida alisema, "mutoto anasema kweli. Daktari iko pale. Muulize."

Papa alikwenda. Tuliwaona wakizungumza koridoni. Aliporudi alikaa kitandani, akakitazama kiatu chake.

"Ningekurudisha wapi?" alimuuliza mama. "Ni hiyo tu nataka kujua. Ulifikiri nitakurudisha wapi?"

Aliyejibu alikuwa bibi wa Gitambi, polepole, kuku akimpigapiga mabawa mkononi. "Dada yangu marehemu alitembea hivyo," alisema. "Hadi alipokufa. Alizaa watoto sita. Hakuna aliyemrudisha."

Papa hakumfukuza mama. Kwa muda alibaki Muganza hata mwisho wa juma, akisema kuna kazi ya ziada, halafu akaanza kurudi tena, na wakaendelea. Kwangu mama alikuwa mwema siku zote. Alinilipia shule, alinishonea nguo, alinifuta machozi. Samahani hakuniomba kamwe, na sikumwona akimwomba Faida.

Siku ile ya kutoka hospitali, Faida alikataa kurudi kwao peke yake. Alimwambia papa anataka jambo moja, nivuke naye hadi Bukavu, niyaseme kwao, mbele ya mama yake. Papa alikubali. Tulivuka mpaka sisi watatu, papa akinibeba kwenye mteremko na kunishusha nilipoomba. Koko, yaani bibi yangu wa upande wa mama, alikuwa uani akichambua maharage. Kulikuwa na majirani wawili, na mke wa mjomba, mtoto wake akilia mikononi.

Faida alinisimamisha katikati ya ua. "Muambie Koko."

Nilisema yote, la muuguzi, la ngumi na kikombe, la kuzaliwa. Nilisema kwa sauti kubwa kama mtu anayekariri darasani. Nilipomaliza, Koko alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa.

"Najua," alisema.

Nilidhani hajaelewa. Nilianza tena.

"Nimesema najua, mutoto wangu. Mama yako aliniambiaka tangu mwanzo, kitovu chako hakijaanguka."

"Ulijua?" Faida aliuliza. "Miaka yote nakaa humu kwako, nakupikia, ulijua?"

"Ningefanya aje, Faida? Yeye alikuwa na nyumba ya kuharibika. Ninyi ni batoto bangu bote bawili."

"Bote bawili," Faida alisema.

Mke wa mjomba, kwa aibu, alisema ataleta maji ya kunywa. Faida alikuwa amesimama karibu naye kabisa, mikono mitupu. Mwanamke huyo alimpita, akavuka ua mzima na kumweka mtoto mapajani mwa msichana wa umri wangu aliyekuwa akicheza na vizibo vya chupa. Alifanya hivyo bila kufikiri, na hakuna mtu aliyeshangaa. Ndipo nikaelewa jinsi walivyoishi naye pale.

Faida pia aliona. Alitembea hadi kwa yule msichana, akamwinua mtoto, akainama, akamlaza mgongoni. Alijifungua kitenge cha kiunoni, akakizungusha, akakikaza kifuani kwa fundo moja, halafu la pili. Mke wa mjomba alitoka na jagi mkononi akasimama mlangoni.

"Faida," Koko aliita. "Rudisha mutoto wa bantu."

Faida alipita lango. Aliingia barabarani saa sita mchana, watu wote wakiwa nje, akashuka taratibu katikati ya njia, akimsalimia kila mtu kwa jina. Nilimfuata kwa magongo. Papa alitaka kunibeba, nikakataa, nikabaki nyuma zaidi na zaidi, nyonga ikiniuma, lakini niliweza kusikia. Muuza makaa alisimama kutoka kwenye kigoda chake, akamtazama, akatazama mgongo wake.

"Faida? Huyo ni mutoto ya nani?"

"Ni wetu," Faida alisema. "Sema polepole. Amelala."